Hesabu visiwa, ndipo upewe fomu utengeneze

Umepewa karatasi ya miraba. Kila mraba una namba: 1 ni ardhi, 0 ni maji. Miraba ya ardhi iliyogusana ubavu kwa ubavu ni kisiwa kimoja. Andika programu itakayohesabu visiwa vyote. Una nusu saa, na saa yenyewe inayoyoma pale juu ya kioo kwa rangi nyekundu.

Swali hili ni maarufu dunia nzima. Limo kwenye LeetCode, ule mtandao wa mazoezi ya usaili, na namba yake ni 200. Majuzi aliulizwa msichana mmoja wa Kikwajuni aliyeomba kazi ya kutengeneza kurasa za kuwekea nafasi za hoteli. Jamani, Mzanzibari anaambiwa ahesabu visiwa! Angeulizwa kwa mdomo angeanza na Unguja na Pemba, akapita Tumbatu, Mnemba, Changuu, Bawe na Chumbe, akavuka mpaka Kojani na Fundo, na mtahini mwenyewe angemwomba apumzike. Lakini hakuulizwa kwa mdomo. Nusu saa ikaisha yuko katikati. Asubuhi yake ikaja barua pepe ya mashine: asante kwa muda wako, tumeamua kuendelea na waombaji wengine.

Jina lake naliweka kapuni, na la kampuni pia, maana ugomvi wangu hauko na kampuni moja. Uko na mtindo mzima.

Kwa msomaji asiye wa fani hii nieleze kidogo. Tovuti ni kama nyumba ya Mji Mkongwe. Ina uani, kuna jiko, kisima na stoo: huko ndiko kunakokaa kumbukumbu, hesabu na malipo. Na ina upande wa mbele: mlango, baraza, ngazi, taa ya ukumbini. Fundi wa upande huo wenyewe wanamwita fronti-endi. Kila unachokiona kwenye kioo cha simu na kila unachokigusa kwa kidole kimepita mikononi mwake. Akiboronga, mgeni anageukia mlangoni na hela yake mfukoni.

Na hapa Unguja kazi hiyo si nyepesi hata kidogo, nakwambia. Chukua jina tu. Fomu nyingi zimetengenezwa na watu wanaoamini kila binadamu ana jina lake na jina la ukoo. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, basi. Mzee anayekwenda Muscat kumtembelea mwanawe akifika kwenye kisanduku cha ukoo anasita: aandike la babu? Aache wazi? Akiacha wazi fomu inamzomea kwa wekundu. Chukua saa. Boti ya asubuhi inaondoka 07:00, nasi tunasema saa moja. Fundi aliyetafsiri maneno akaisahau saa, akaandika "saa 7", kamwambia mtu wa Makunduchi aje bandarini mchana. Chukua mgeni wa Oman: ukurasa wake wa Kiarabu unasomwa kutoka kulia, kwa hiyo mshale wa kurudi nyuma lazima nao ugeuke, ila namba ya simu isigeuke. Chukua mwenye vyumba Paje anayesoma maombi ya wageni juani saa saba mchana, maandishi ya kijivu juu ya kijivu, haoni kitu. Chukua asiyeona kabisa, anayetegemea programu imsomee ukurasa kwa sauti, halafu kitufe cha kulipia kimechorwa kama picha isiyo na jina. Programu inamsomea: "picha". Picha ya nini? Hajui.

Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anatakiwa awe na bima ya safari ya dola 44, na inakatwa mtandaoni. Hebu mfikirie mtu huyo yuko kwenye foleni ya uwanja wa ndege Doha, mtoto begani, simu ina chaji asilimia 9, anajaza fomu kwa kidole gumba. Fundi wa mbele ndiye wa kwanza kumkaribisha Zanzibar, kabla hata ya rubani. Sasa niambie, kuhesabu visiwa kwenye karatasi ya miraba kunapima lipi katika hayo?

Halipimi hata moja. Na matokeo yake dunia imeyaona. Kituo cha WebAIM cha Chuo Kikuu cha Utah State, Marekani, kila mwaka kinakagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1 maarufu. Ripoti ya 2025 ilikuta asilimia 94.8 zina makosa yanayowakwaza watu wenye ulemavu. Kosa lililoongoza, kwenye asilimia 79.1 ya kurasa, lilikuwa maandishi hafifu yasiyojitenga na rangi iliyo nyuma yake. Maandishi hayasomeki! Huo ni ufundi wa siku ya kwanza kazini. Muda wote huo tasnia inajisifu kwamba mchujo wake ni mkali.

Mtindo wenyewe ulitoka wapi? Makampuni makubwa ya Marekani yalianza na vitendawili. Kwa nini mfuniko wa shimo la maji machafu ni wa duara? Mipira mingapi ya gofu inaenea ndani ya basi? Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba vitendawili vile ni kupoteza wakati, havitabiri lolote zaidi ya kumfanya anayeuliza ajione mwerevu. Vitendawili vikatoka, zikabaki algoridhimu, yaani maswali ya hatua za kutatua tatizo, ambazo angalau ni mambo ya kompyuta. Mwaka 2008 Gayle Laakmann McDowell, aliyepata kufanya kazi Google, akatoa kitabu cha kuwaandaa watu kwa usaili huo; toleo la sita la 2015 lina maswali 189. Ikawa biashara. Mitandao ya mazoezi ikaota kama uyoga, na kampuni ya watu tisa inayotafuta fundi mmoja wa kurasa ikaona nayo ifanye kama Google. Google inapokea maombi kwa mamilioni, inaweza kuwatupa wazuri elfu na isihisi. Wewe wa watu tisa umemtupa mmoja aliyekufaa, ndiyo basi tena.

Hata wakubwa wenyewe waliwahi kuaibika. Mwaka 2015 Max Howell, aliyeanzisha Homebrew, programu ambayo mafundi wengi wanaotumia kompyuta za Apple wanaitegemea kusakinisha vifaa vyao, aliandika Twitter kwa hasira kwamba Google wamemkataa kwa sababu hakuweza kupindua mti wa bainari ubaoni. (Mti huo ni namna ya kupanga data, matawi mawili mawili, kuupindua ni kufanya kushoto kuwe kulia.) Baadaye alipoa, akasema hakuwatendea haki sana Google, kwani kweli yeye si mtu wa nadharia ya kompyuta. Sawa. Lakini chombo chake kilikuwa kinatumiwa na wahandisi wa kampuni ile ile iliyomkataa.

Waliosoma skuli za hapa wanalijua neno desa. Mtihani umekaribia, mtu anazungushiwa karatasi za maswali ya miaka iliyopita na majibu yake, anazimeza, anazitapika, anafaulu, wiki ya pili hakumbuki kitu. LeetCode ni desa la kimataifa, na limenona: maswali zaidi ya 3,000. Kijana anayesoma kompyuta SUZA pale Tunguu, badala ya kukaa na mwenye nyumba ya wageni wa Nungwi amtengenezee ukurasa wa kweli wenye watumiaji wa kweli, anajifungia miezi minne akikariri miti, visiwa na maneno yanayosomeka mbele na nyuma. Nawafahamu wanne wa namna hii. Mmoja alikuwa na kazi ya kulipwa mkononi akaiacha ili "ajiandae na intavyuu". Wallahi hilo ndilo linaloniuma kuliko ile barua ya mashine, maana ustadi unaohitajika hapa nyumbani unadumaa ili mtu apate ustadi wa kufaulu usaili.

Halafu kuna hili la kutazamwa. Kwenye hatua ya pili anakaa mhandisi upande wa pili wa kamera, kimya, anakuangalia unavyoandika na anataka ufikiri kwa sauti. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na Microsoft walitoa utafiti uliowahusu wanafunzi 48. Wote walipewa tatizo la kutatua ubaoni. Nusu wakiwa na mtahini anayewatazama, nusu wakiwa peke yao chumbani. Waliotazamwa walifanya vibaya mara mbili zaidi. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa. Wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Ni kweli watu 48 ni wachache na wanawake miongoni mwao wachache zaidi, sitaki mtu ajenge ghorofa juu yake. Ila mtu anayeajiri ana haki ya kujiuliza: hapa ninapima ufundi au napima woga? Ongeza kwamba dada yetu wa Kikwajuni anafikiri kwa Kiswahili na anatakiwa kufikiri kwa sauti kwa Kiingereza, kwa mtu asiyemjua, huku mdogo wake ameambiwa azime televisheni. Na ongeza mtandao wenyewe. Mwezi Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, nchi nzima ilisuasua kwa siku kadhaa. Saa nyekundu ya juu ya kioo haijui mkongo ni nini.

Sasa ngoja, maana nawasikia wa upande wa pili. Kuna hoja moja nzito sana dhidi yangu na sitaki kuipita mbali. Ni hii: mtihani wa mashine haukuulizi wewe mtoto wa nani.

Tusidanganyane. Kazi ngapi katika mji huu zimegawiwa kwa kimemo? Mjomba kampigia mtu simu, mtu kamwita afisa, afisa kasema nafasi imejaa. Mpemba anaulizwa kwao wapi kabla hajaulizwa anajua nini. Kijana wa Jang'ombe asiye na mjomba yeyote ofisini akikutana na mtihani usiojua jina lake, usiojua kabila wala chama, anaona hii ndiyo haki aliyokuwa akiingojea. Rafiki yangu mmoja, fundi mzuri, aliniambia hivyo hivyo: "Mimi hicho kisiwa nitakihesabu hata mara mia, mradi nisimpigie mtu magoti." Sina jibu la kejeli kwa hilo. Ana haki.

Lakini tazama vizuri anachokipenda. Anapenda upofu wa mtihani: swali moja kwa wote, alama zile zile, majina yamefichwa. Hakuna anayesema anapenda visiwa. Basi ushike upofu, swali ulibadilishe. Serikali yenyewe, tunayoisema kila siku kwa uzembe, hili imelijua kitambo. Sekretarieti ya Ajira ya Muungano ikitaka dereva inamwita kwenye usaili wa vitendo, maana yake apande gari aendeshe. Hakuna anayemwambia dereva achore injini ya ndege kwa nusu saa ndipo tujue kama anaweza kufika Chwaka salama. Makampuni ya teknolojia, yenye vitambulisho vya kuvaa shingoni na kahawa ya bure, yameshindwa na usaili wa dereva!

Wasomi wa mambo ya ajira nao hawako mbali na hapo. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye kukatoka juu kabisa. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipiga hesabu upya, wakateremsha alama karibu zote. Safari hii usaili wenye maswali yaliyopangwa, yale yale kwa kila mtu, ulikaa juu, na majaribio ya ujuzi wa kazi husika yakaufuata kwa karibu. Kazi ya mfano iliteremka lakini bado ilisimama mbele ya kipimo cha akili kwa jumla. Kwa lugha ya barazani: muulize mtu habari ya kazi yake, muulize sawa na mwenzake, mwone akiifanya.

Msinielewe vibaya, algoridhimu sizichukii. Anayepanga njia za magari ya kusambaza bidhaa madukani, anayejenga mashine ya kutafuta, anayefundisha kompyuta kutambua picha, huyo umuulize miti mpaka usiku. Wale vijana wa data na akili bandia wa IIT Madras pale Bweleo, kampasi iliyoanza masomo mwaka 2023, hayo ndiyo mambo yao. Hata fundi wa mbele anahitaji kujua kwa nini orodha ya vitu 10,000 inaikwamisha simu ndogo. Muulize hilo basi, kwenye ukurasa wenye orodha, umwone atafanya nini.

Na kwa kuwa neno lenyewe tumelipokea kama vile limezaliwa California, niwakumbushe limetoka kwa nani. Algoridhimu ni jina la mtu: Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad karne ya 9. Walatini walilitamka jina lake walivyoweza, likawa neno. Kitabu chake cha al-jabr ndicho kilichotupa aljebra. Na aliandika kwa ajili ya nini? Mwenyewe alitaja: mirathi, wasia, kugawana mali, kesi, biashara, kupima ardhi, kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni mirathi. Mtu kafariki, kaacha mke, watoto na deni, kila mmoja apate haki yake. Sheikh huyo alizitoa hesabu kwenye kazi zilizokuwa mbele ya watu wa zama zake, akazirudisha kwao zikiwa nyepesi. Leo jina lake linatumika kumfukuza msichana wa Kikwajuni kwenye kazi ya fomu.

Kuna kisa kingine cha karibu yetu. Andela ilianza Lagos mwaka 2014, ikaja Nairobi, kisha Kampala na Kigali. Ilisifika kwa kuchuja: magazeti ya nje yakaandika kwamba kuingia pale ni kugumu kuliko kuingia Harvard, chini ya mmoja katika waombaji mia. Vijana waliopita walitembea kifua mbele, na walistahili. Mwezi Septemba 2019 kampuni ikatangaza kuwaondoa wahandisi wachanga wapatao 400 Nigeria, Kenya na Uganda, kwa maelezo kwamba soko linataka wazoefu. Mchujo wote ule mkali, na mwisho wake neno lililoamua likawa uzoefu. Na uzoefu ndio hasa ambao miezi ya desa inamnyang'anya kijana.

Ndiyo maana hili ni letu, tusiwaachie watu wa kompyuta peke yao. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar kuvutia makampuni ya teknolojia, makao yake Fumba. Mimi naupenda mpango ule. Nataka siku moja daladala ya Fumba ya asubuhi ijae mafundi wa kwetu. Lakini makampuni yanapohama huhama na mizigo yao, na mmoja wa mizigo ni usaili huu. Likitumika chujio lililotengenezwa kwa ajili ya kazi nyingine, watapita wachache, kisha atasimama bwana mkubwa kwenye mkutano aseme vijana wa Zanzibar hawana ujuzi, tuagize kutoka nje. Nimeshaisikia sentensi hiyo mara mbili mwaka huu, na mara zote aliyeisema hakuwahi kuangalia kazi ya hata kijana mmoja.

Mimi ni mwandishi wa habari, programu sijui zaidi ya kubadilisha rangi ya ukurasa wangu huu. Usaili lakini naujua. Nilipoomba kazi ya kwanza, mhariri hakuniuliza historia ya matbaa. Alinipa daftari, akasema nenda Darajani, rudi saa nane na habari ya bei ya vitunguu, maneno 400. Nilirudi na 600. Akayakata mbele yangu kwa kalamu nyekundu huku akinieleza kwa nini hili linatoka na lile linabaki. Mchana ule alijua ninavyoandika, nami nikajua nitafanya kazi na bwana wa aina gani. Nauli ya kwenda na kurudi alinilipa yeye.

Halafu kuna akili bandia, iliyokuja kumaliza mchezo wote huu. Mwaka 2025 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alivuma baada ya kutengeneza programu inayomnong'oneza mtu majibu ya usaili bila mtahini kuona, akajisifu kwamba aliitumia yeye mwenyewe kwa makampuni makubwa. Chuo kikamsimamisha. Hapa hatuna haja ya kuhubiri. Swali ambalo mashine inalijibu kwa sekunde nne limebaki kupima nini? Wengine sasa wanarudisha usaili wa ana kwa ana ofisini kwao. Ofisi iko London, wewe uko Michenzani. Shukran sana.

Haya, kulalamika tu hakutoshi, na mafundi wawili ninaokunywa nao kahawa Jaws Corner hawakuniachia. Walichukua kalamu wakaandika kazi ya mfano palepale, kahawa tatu tatu. Ni ukurasa mmoja wa kununulia tiketi ya boti, uliokwisha tengenezwa, na umeharibiwa makusudi. Kisanduku cha ukoo ni cha lazima. Kitufe cha kulipa ni picha isiyo na jina. Maandishi ya bei ni kijivu juu ya kijivu. Kwenye simu ndogo, tarehe inajificha nyuma ya kibodi. Picha ya boti ina megabaiti 6, inamaliza bando la mtu kabla hajaona nauli. Mahali fulani pameandikwa "saa 7".

Mwombaji anapewa saa mbili, nyumbani kwake, siku anayoichagua ndani ya wiki. Atumie kitabu, Google, akili bandia, hata amuulize shemeji yake. Mtandao ukikatika, saa inasimama. Kazi inarudishwa kwa namba, bila jina, na anayesahihisha hajui namba ni ya nani. Kisha waliofanya vizuri wanaitwa mazungumzo ya nusu saa, kwa Kiswahili au Kiingereza, maswali yale yale kwa wote: umebadilisha nini, kwa nini, na kipi umekiacha? Hapo aliyefanyiwa na shemeji, au na mashine, anajulikana dakika ya tano. Na walipwe, wote waliorudisha kazi. Shilingi 30,000 haziwezi kuifilisi kampuni yenye ofisi Fumba, na zitaifanya ifikiri kabla ya kuwaita watu 200 ili ichukue mmoja. Wakiwa 200 kweli, uchague 20 kwa kuangalia kazi walizokwisha fanya, au upige kura mchana kweupe. Kura nayo haijui mjomba wa mtu.

Mmoja wa wale mafundi alitaka tuongeze swali la mti wa bainari mwishoni, "kwa utani". Tulimkatalia.

Karatasi yenyewe ni nusu ukurasa, pamoja na ule ukurasa wa boti ulioharibika. Ninazo zote mbili. Mwenye kampuni anayezitaka, iwe Fumba, Vuga au Dar, aniandikie nitamtumia bure, wala sitamtaja. Akishazitumia aniambie jambo moja tu: katika waombaji wake, wangapi waligundua lile kosa la saa 7.